Mikono ya Omobari

Babu yangu alikuwa na bonde kichwani. Si tundu lililo wazi, ni kibonde kidogo juu ya sikio la kulia, ngozi imeingia ndani, nywele hazioti. Tulipokuwa watoto pale Magwagwa, kuligusa lile bonde ilikuwa zawadi. Ukichuma chai mchana kutwa bila kulalamika, jioni sokoro anakuita, anainamisha kichwa, unaweka kidole. Unasikia kitu kinadunda polepole chini ya ngozi. "Hapo ndipo rungu lilipobisha hodi," anasema, halafu anacheka peke yake.

Rungu lilibisha hodi mwaka wa Uhuru au mwaka uliofuata, yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na kwetu shamba ni kipande chembamba kinachoteremka hadi mtoni, kwa hivyo hatua moja ya mpaka si mchezo. Alianguka, akazinduka, akapona kidonda. Kilichobaki ni kichwa kuuma. Kiliuma mchana, kiliuma usiku, vidonge vya dukani havikusaidia. Baada ya miaka miwili wazee walikaa wakaamua apelekwe kwa omobari.

Omobari ni mtu wa kupasua. Wale wa kichwa Wagusii huwaita ababari b'emetwe, na kazi yao ilikuwa hii: kufungua ngozi ya kichwa, kukwangua mfupa uliopasuka hadi mahali pabaya paishe, kisha kufunga. Babu alipasuliwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, wanaume wanne wakimshika mikono na miguu. Hakuna kulazwa usingizi. Alisema sauti ya chuma kwenye mfupa wake ndiyo kitu pekee maishani ambacho hajawahi kukisahau hata kwa siku moja. Lakini alipoulizwa mambo yalianzaje, hakuanza na chuma. Alianza na maji. Kwa hadithi yake, kabla omobari hajagusa chochote, aliagiza chungu cha maji yaliyochemshwa na majani, akanawa, akaosha kisu, akaosha kichwa.

Kichwa kilipona. Aliishi karibu miaka sitini mingine.

Sasa ruka hadi mwaka 2019. Bodaboda inamgonga babu kwenye barabara ya kuelekea Ikonge. Mfupa wa mguu unavunjika chini ya goti na kutoboa ngozi. Anapelekwa hospitali, sitaitaja jina, anapasuliwa vizuri kabisa na daktari anayejua kazi yake, dawa ya usingizi ipo, eksirei ipo, chuma cha kushikilia mfupa kipo. Siku ya sita kidonda kinaanza kunuka.

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Inakuwaje kichwa kikapona kwenye migomba, halafu mguu ukaoza wodini? Najua majibu mawili ya haraka. La kwanza ni la WhatsApp: wazee wetu walijua, wazungu walituharibia. La pili ni la wasomi: hayo ya ababari yalikuwa ushenzi, babu yako alikuwa na bahati. Nimesoma kadiri nilivyoweza, na naona yote mawili yanakwepa historia.

*

Tuanze na ababari, maana hawa si ngano. Mwaka 1958 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala ya J. G. Grounds kuhusu upasuaji wa fuvu kwa Wakisii. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Mathari, Nairobi, miaka hiyo ya 1950, aliwafuatilia pia, akaandika kwa urefu mwaka 1967. Mwaka 1985 David Furnas na wenzake waliandika tena, kwenye jarida la madaktari wa upasuaji. Yaani babu alipolala kando ya migomba, kazi ile ilikuwa tayari imeshaandikwa na watu waliokuja na daftari na kamera.

Wanachoeleza kinafanana na alichosema babu. Wengi wa wagonjwa walikuja kwa sababu ya kichwa kuuma baada ya kupigwa au kuanguka. Fundi alipasua ngozi, akakwangua mfupa kidogo kidogo badala ya kuuvunja kwa nguvu, akijihadhari asitoboe utando unaofunika ubongo. Kisha dawa za miti. Na walioandika walishangazwa na jambo moja: wagonjwa wengi walipona, na vifo walivyovisikia vilikuwa vichache.

Kushangaa kwao kuna sababu. Katika karne ya 19, madaktari wa London na Paris walikuwa wanaogopa kufungua fuvu hospitalini. Mikono yao haikuwa mibaya. Shida ilikuwa baada ya hapo: kidonda kinavimba, homa inapanda, mgonjwa anakufa. Hospitali kubwa za Ulaya zilikuwa mahali ambapo mtu anaingia na mguu uliovunjika na kutoka kwenye jeneza. Tajiri alipasuliwa nyumbani kwake, mezani. Hospitali ilikuwa ya maskini, na maskini walijua maana yake.

Huko Vienna, kwenye hospitali kuu, palikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Ya madaktari iliua zaidi, mpaka wanawake walikuwa wanaomba kwa machozi wasipelekwe huko. Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, aligundua tofauti: madaktari walikuwa wanatoka moja kwa moja kupasua maiti na kuja kuzalisha. Mei 1847 akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini, ndugu wa ile Jik ya mama yako. Aprili, kabla ya amri, walikuwa wamekufa zaidi ya akina mama 18 kati ya kila 100. Juni walikufa kama 2.

Ungedhani wangemjengea sanamu siku hiyo hiyo. Wapi! Wakubwa walichukia kuambiwa kwamba mikono yao, mikono ya mabwana waliosoma, ndiyo iliyokuwa inaua. Semmelweis alifukuzwa taratibu, akafia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865, kwa kidonda kilichooza.

Mwezi huo huo wa Agosti 1865, huko Glasgow, mvulana wa miaka 11 alikanyagwa na gurudumu la mkokoteni. Mfupa wa mguu ulivunjika na kutoboa ngozi. Desturi ilikuwa kukata mguu, au kungoja uoze. Joseph Lister alikifunga kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya karboliki. Baada ya wiki kama sita mvulana alikuwa mzima na miguu yake miwili.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Ule ulikuwa mguu wa babu. Ni jeraha lile lile, miaka 154 kabla yake.

*

Kabla hatujajipiga kifua, hebu tuvuke mpaka kidogo, twende Bunyoro, Uganda ya leo. Mwaka 1879 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Robert Felkin, aliyekuwa anapita na msafara wa wamisionari, alishuhudia mahali paitwapo Kahura mwanamke akipasuliwa ili mtoto atolewe. Fundi aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Mama naye alinyweshwa pombe hiyo hiyo akawa hajitambui vizuri. Mishipa iliyovuja ilichomwa kwa chuma cha moto. Kidonda kikafungwa kwa misumari myembamba ya chuma na kamba ya gome la mti. Felkin aliondoka baada ya siku 11, mama na mtoto wako salama, akaichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884.

Mikono iliyooshwa kwa pombe kabla ya kisu, mwaka 1879. Umewahi kupaka sanitaiza mlangoni mwa benki? Wazo ni lile lile.

Lakini soma Felkin hadi mwisho. Dawa iliyopakwa juu ya kidonda ilikuwa mizizi iliyotafunwa mdomoni na kutemwa kwenye bakuli. Mdomo wa binadamu, bana. Hapo ndipo naogopa jibu la WhatsApp. Fundi yule alijua mkono unaleta shida, lakini hakujua ni kwa nini, kwa hivyo hakuweza kujua kwamba mate nayo yanaweza kuileta. Ababari wetu ni vivyo hivyo. Margetts aliandika kuhusu mwanamume mmoja wa Kisii aliyepasuliwa mara nyingi sana hadi sehemu kubwa ya fuvu la juu ikaisha, akawa anatembea amevaa kofia ngumu kulinda ubongo. Na wale waliokufa baada ya wiki tatu, nyumbani, mbali na daftari la mgeni, hakuna aliyewahesabu. Ninayeweza kumshika kichwa ni yule aliyepona.

Kwa hivyo kwa nini babu alipona? Nadhani jibu kubwa liko kwenye mahali, kuliko kwenye majani. Alikuwa mgonjwa mmoja, nje, penye jua na hewa, na fundi mmoja ambaye siku hiyo hakugusa mgonjwa mwingine. Hakukuwa na kitanda cha pili.

Hospitali ni kitanda cha pili. Ndiyo maana ya hospitali: unakusanya wagonjwa pamoja ili daktari mmoja, nesi mmoja, mashine moja iwafikie wengi. Ni wazo zuri mno, limeokoa mamilioni. Lakini ukikusanya wagonjwa unakusanya na magonjwa yao, na mkono wa mhudumu unageuka matatu: unabeba abiria kitanda cha kwanza, unawashusha cha pili. Usiposafisha mkono kati ya vituo, umefungua ruti.

*

Kwetu Gusii hospitali ilikuja na askari. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana pale Kisii mjini, na hospitali kubwa ya Kisii tunayoijua leo ilianza mwaka 1916 kama kituo cha kuhudumia wanajeshi wa vita ile. Kutoka hapo zikaja za serikali, za misheni, zahanati, hadi ile ya karibu na kwenu. Pamoja na majengo ilikuja sayansi ya Lister: kuchemsha vyombo, glavu, spiriti, baadaye antibayotiki. Ilikuja kama kifurushi kimoja, na kifurushi hicho kina bei. Toa kitu kimoja, labda maji, labda sindano, na kilichobaki ni kukusanya wagonjwa tu.

Mfano mchungu kuliko wote uko Kongo. Mwaka 1976, kwenye hospitali ya misheni ya Yambuku, manesi walikuwa wanapewa sindano tano kila asubuhi. Sindano tano kwa wagonjwa wote wa siku nzima, zikisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mtu na mtu. Ugonjwa usiojulikana ulipoingia, hospitali ndiyo iliyousambaza, hata kwa wajawazito waliokuja kliniki wakiwa wazima. Baadaye ugonjwa ule uliitwa Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Na hatua mojawapo iliyosaidia kuuzima mlipuko ilikuwa kuifunga hospitali yenyewe.

Sisomi habari ile kama hadithi ya watu wabaya. Masista wale hawakuwa wavivu. Walikuwa na wagonjwa wengi na sindano tano.

Ndiyo maana ukitafuta mashujaa kwenye historia hii, wengi ni wahudumu waliosimama pale kifurushi kilipopungua. Mwaka 1980, Nairobi, Daktari Shem Musoke alimhudumia mgonjwa aliyekuwa akitoka damu, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, akaambukizwa virusi vya Marburg. Alinusurika chupuchupu. Mwaka 2000, Gulu, Uganda, Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alitambua Ebola mapema, akatenga wodi maalum, akawafundisha manesi kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga, akabaki nao wenzake walipokuwa wanakufa. Alikufa yeye mwenyewe tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Na hapa kwetu, juzi tu. Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona, na ghafla kila kioski kikawa na mtungi wa maji na sabuni. Tulinawa hadi vidole vikakunjamana. Desemba mwaka huo Daktari Stephen Mogusu alikufa kwa ugonjwa huo akiwa na miaka 28, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa Korona Machakos. Alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi. Jina lake la Kigusii lilipotajwa kwenye redio, mama aliacha kupepeta mchele. Alisema neno moja tu: "Mtoto."

Kwenye karatasi, nchi yetu haina upungufu. Mwongozo wa taifa wa kuzuia maambukizi hospitalini ulitolewa mwaka 2010 na kurekebishwa baadaye. Shirika la Afya Duniani lina nyakati zake tano za kunawa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kama kufunga kidonda, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Shirika hilo hilo lilisema mwaka 2022 kwamba katika hospitali za nchi tajiri, wagonjwa 7 kati ya 100 hupata ambukizo wakiwa wamelazwa. Katika nchi zenye kipato kama chetu ni 15. Wagonjwa wenyewe ni wale wale, bakteria ni wale wale. Tofauti ya 7 na 15 kwa sehemu kubwa ni maji, glavu, nafasi kati ya vitanda, na idadi ya manesi.

*

Narudi wodini, 2019.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimekuja kumlinda babu usiku. Kwenye kona palikuwa na sinki. Ukifungua mfereji unakohoa hewa. Ukutani palikuwa na kichupa cha sanitaiza kilichokauka, na juu yake bango zuri la rangi linaloonyesha namna ya kunawa mikono, picha baada ya picha. Sista wa usiku alikuwa mmoja, vitanda sikuvihesabu. Vingine vilikuwa na watu wawili. Alipofika kwa babu alikuwa ametoka kufunga kidonda cha jirani yake, kijana wa bodaboda ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kunuka kabla ya wa babu. Glavu zilikuwa zile zile. Niliziona. Nilijua, maana kila mtu anajua. Ningeweza kusema, "Samahani sista, badilisha glavu." Sikusema. Nilihofia ataudhika na babu ndiye atakayelipia usiku ule nikisinzia.

Babu ndiye aliyesema. Alifungua macho akamwambia, kwa upole, "Mama, maji kwanza."

Sista alisimama. Nilidhani atafoka. Akasema, "Mzee, ningekuwa nayo ningenawa." Akavua glavu, akatazama boksi, akachukua jozi nyingine. Nadhani ilikuwa miongoni mwa za mwisho, kwa sababu kulipokucha tuliandikiwa karatasi tukanunue glavu kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara.

Ilikuwa tumechelewa. Wiki kumi na moja, chuma kilitolewa, antibayotiki za bei ndogo zikashindwa, zikaletwa za bei kubwa. Hela za semesta zililipa hizo za bei kubwa. Sijutii, na si sababu pekee iliyonitoa chuoni, lakini watu wanaponiuliza kwa nini niliacha, huwa natafuta namna fupi ya kusema ni kwa ajili ya mfereji uliokuwa unakohoa, na sipati.

Magwagwa si jangwa. Mvua yetu inanyesha mpaka chai inashiba. Chini kule unapita mto Sondu, na kwa miaka mingi tumekuwa tukisikia habari za bwawa la Magwagwa litakalojengwa juu yake, mikutano juu ya mikutano, na watu wakizozana kuhusu mashamba yatakayozama. Maji yapo. Kinachokosekana ni safari yake kutoka mtoni hadi kwenye sinki la wodi, na mtu wa kulipia kila hatua ya safari hiyo, kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna Korona na hakuna kamera.

Babu alirudi nyumbani na mguu wake, mfupi kidogo, na kidonda ambacho bado hakijafunga. Nesi wa zahanati alimfundisha mama kukisafisha. Mama alitundika jerikani la lita tano kwenye mti wa mparachichi nje ya mlango, akalitoboa kwa msumari, akafunga sabuni kwa kamba ndani ya soksi. Maji yalichemshwa jioni, yakapoa usiku, yakatumika asubuhi. Kila aliyetaka kumgusa mzee alipitia pale kwanza: mama, mimi, mchungaji, hata chifu alipokuja kumjulia hali. Babu alikuwa anakaa kitini akitazama mikono ya kila mtu inavyodondosha maji, kwa umakini wa mtu anayehesabu pesa.

Kidonda kilifunga mwezi wa pili. Babu aliishi miaka mitatu zaidi. Jerikani bado liko kwenye mparachichi, na soksi imebadilishwa mara nyingi.